Pembe Nne za Dago

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Time binti Soud, nyumbani kwake Wawi, mwezi wa Shaaban wa mwaka 2023, siku ya hitima ya mama yake, mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakichambua mchele. Kabla ya siku hiyo hakuwa amemsimulia mtu yote kwa pamoja. Aliisimulia mara moja, kwa mpangilio, na kila alipokosea siku alirudi nyuma akaisahihisha.

Alianza na shuka.

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane Agosti 2021, na mvua haikuwa imenyesha Wawi kwa siku kumi na moja. Asubuhi Time alitandika godoro ndani ya tela alilolijenga mdogo wake, Suhail. Mfuko wa godoro aliushona yeye mwenyewe. Alilivisha shuka nyeupe, akafunga mlango, akaenda kupika. Baada ya sala ya adhuhuri alirudi na mapazia mawili mkononi. Mlango ulikuwa vilevile alivyouacha. Shuka ilikuwa imeroa.

Haikuroa ovyo kama kitu kilichomwagikiwa. Iliroa kwa umbo: bega, ubavu, nyonga, na mguu mmoja uliokunjwa. Mtu alikuwa amelala pale kwa ubavu, uso kaelekeza ukutani.

Time aliinusa. Ilinuka maji yaliyokaa miaka mingi bila kuchotwa, udongo mbichi na kutu.

"Suhail, paa linavuja."

"Halivuji, dada."

"Njoo uone."

Suhail alikuja, akaitazama shuka, akapanda na mpira wa maji akalimwagia paa nusu saa nzima. Kisha akaingia na kitambaa kikavu, akapitisha kwenye kila kiungo. Kitambaa kilitoka kikavu.

"Umemwaga maji ya kunywa," alisema.

"Sikuwa na maji."

"Basi jasho lako."

Time hakucheka. Aliitoa shuka, akaianika, akatandika nyingine.

Tela lenyewe lilijengwa kwa ajili ya mama yao, Bi Maryamu. Bi Maryamu alizaliwa Gando, na tangu utoto wake kila msimu wa karafuu ulipoingia alikwenda dago huko. Watu wa ukoo walihama na vyungu vyao, wakalala shambani kwenye vibanda vya makuti mpaka karafuu zikaisha mitini. Mwaka 2019 alivunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya, mguu wa kulia ukawa mfupi, na kulala chini kwenye mkeka kukawa hakuwezekani tena. Msimu wa kwanza wa kubaki Wawi alinuna. Msimu wa pili aliacha kula, na hilo ndilo lililowatia watoto wake hofu, kwa sababu hakuwa mtu wa kususa. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Mama hawezi kulala chini," Suhail alisema, "basi tutakwenda na kitanda."

Suhail alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Alipata ekseli na springi za pikapu iliyokufa, akakata mabomba ya mraba, akapiga fremu ya futi tisa kwa tano. Aliiinua juu sana, kwa kuwa njia ya shambani ina mawe na vijito viwili visivyo na daraja. Juu ya fremu aliweka sakafu ya plaiwudi, kuta za plaiwudi zilizovishwa bati, paa lililopinda kidogo, na kidirisha kila upande. Nyuma kulikuwa na droo kubwa yenye jiko la gesi. Chini ya kitanda alitia tangi la maji la lita ishirini, na darini taa moja ya sola. Kwenye mlango aliweka ngazi ya kukunja na kishikio cha bomba. Kile kishikio alimsimamisha mama yake mara tatu kukipima, mpaka mama akasema mkono umechoka kabla ya safari.

Jaribu, jirani yao, mwendesha bodaboda, alipita kila siku kutoa maoni.

"Suhail, hilo banda la kuku au jeneza?"

"Jeneza. Nikupime?"

"Jeneza lenye jiko la gesi. Maiti wenzangu wataniona najidai."

Watu walianza kuliita dago, na jina likabaki.

Fremu haitaki kuchomelewa kwenye mteremko; ikianza kupinda hainyooki tena. Kiwanja cha Suhail chote kina mteremko isipokuwa sehemu moja nyuma ya jiko, penye sakafu ya zege iliyofunika kisima cha babu yao. Kisima kile kiliachwa kabla Time hajazaliwa. Hakuna aliyekuwa akiweka kitu juu ya zege lile. Hawakukatazwa, waliwakuta wakubwa wao hawaweki, nao wakawa hawaweki. Suhail alilaza pima maji pale, povu likakaa katikati, akaridhika.

Na kwao nyumba ya kulala watu hufungwa pembe. Kabla ya kuhamia, azima nne, yaani hirizi zilizosomewa, huzikwa kwenye pembe nne ili kisichotakiwa kisiingie. Tela halina ardhi ya kuzikia. Time alikwenda kumuuliza Shehe Mbarouk, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani wote wawili. Shehe alifikiri kidogo.

"Hayo mabomba yana uwazi ndani?"

"Yana, Shehe."

"Basi tieni humo." Alimpa azima nne zilizoshonewa ndani ya ngozi. "Lakini nisikilize, Time. Kwanza muadhini ndani, milango yote ikiwa wazi. Mumpe nafasi atoke kila asiyewahusu. Kisha ndipo mfunge. Pembe zikishafungwa hakiingii kitu, na hakitoki kitu. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, Shehe."

Alirudi Wawi jua likiwa utosini. Suhail alikuwa ameinua kinyago cha kuchomelea kwenye paji la uso, anangoja.

"Lete, dada. Umeme ushakatika mara mbili leo, na jioni nafunga sakafu. Nikishaifunga sizifikii tena hizi pembe."

Time alisita. Ndani kulikuwa wapi? Palikuwa na chuma kitupu juu ya zege, hewa inapita chini na juu. Mtu anaadhini ndani ya nini? Na Jaribu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anatazama. Alimkabidhi zile azima. Suhail alizisukuma kwa fimbo ndani kabisa zisiungue, moja kila pembe, akaziba midomo ya mabomba kwa vipande vya chuma, akachomelea mpaka vikaungana. Maneno mengine ya Shehe Time hakuyasema. Alijiambia kuwa kuta zikisimama watamwita mtu aadhini. Kuta zilisimama, paa likapanda, rangi ikapakwa, na kila siku ilikuwa na kazi yake.

Alhamisi, siku iliyofuata ile ya shuka kuroa, Time alikuwa jikoni wakati wa adhuhuri akasikia kamba ikikwaruza ukingo wa jiwe. Ndoo iligonga kitu, ikashuka, ikapiga maji. Alitoka nje. Sauti ilikuwa ndani ya tela. Alisogea mpaka akawa hatua mbili kutoka mlangoni, na sauti ikakatika. Kilichofuata kilikuwa mkono. Kiganja kilikuwa kinapapasa ukuta kwa ndani, polepole, kuanzia upande wa kitanda, kikazunguka nyuma, kikaja upande wa pili, kikafika mlangoni. Mlango ulikuwa na kitasa kwa ndani. Kiganja kilipita juu ya kitasa kama kilivyopita juu ya ukuta, kikaendelea, kikazunguka tena.

Siku hiyo Bi Maryamu alimaliza wali sahani nzima, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Rajabu. Alikuwa ameshafunga kanga zake katika kitita na kuuliza mara nne safari ni saa ngapi. Time alimtazama mama yake akilamba vidole, akaiweka kando habari ya kile kiganja.

Waliondoka Jumamosi asubuhi, Suhail kwenye usukani wa Suzuki ya zamani ya baba yao, mama mbele, Time nyuma. Walipanda Chake, wakachukua njia ya Wete. Kwenye kila mlima gari ilinguruma kwa gia ya kwanza.

"Linavuta kama limejaa maji," Suhail alisema.

"Tangi si lita ishirini?"

"Lita ishirini sizijui mie? Hili linavuta kisima."

Alisema hivyo kwa mzaha. Time aligeuza uso, akatazama barabara.

Gando walipokewa vizuri. Jamaa walilizunguka dago, wakafungua droo, wakawasha jiko, wakazima. Bi Maryamu aliwekewa kiti mbele ya jamvi la karafuu, akaanza kuchambua, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote.

"Time, unachambua kama unachagua mchumba," alisema. "Ndiyo maana kote kuwili huna ulichomaliza."

Watu walicheka, na Time alicheka pia. Alisema baadaye kuwa ile ilikuwa mara ya mwisho katika safari ile kumsikia mama yake akizungumza bila yeye kujiuliza ni nani anayezungumza.

Adhuhuri mama alipumzika kitandani mwake ndani ya dago. Time alikaa kwenye ngazi, mlango umeegeshwa. Baada ya kitambo alisikia mama anasema maneno kwa sauti ya chini, ananyamaza, anasema tena, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mama, unazungumza na nani?"

"Na huyu."

"Nani?"

"Huyu aliyelala huku ukutani. Anauliza mlango uko wapi. Namwonyesha, hauoni."

Time aliusukuma mlango. Mama yake alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, amejibana kama anayemwachia mwenzake nafasi. Nyuma yake shuka ilikuwa imeroa kwa lile umbo. Bega la mama upande ule lilikuwa limeroa pia.

Usiku hakikutokea kitu. Time alilala sakafuni ndani ya dago, macho wazi, akahesabu pumzi za mama yake, na hakusikia pumzi nyingine. Jumapili adhuhuri mama alizungumza tena, na safari hii alijibiwa. Sauti ilitoka kinywani mwake mwenyewe, ila ilikuwa ya chini na yenye mwangwi, kama mtu anasema huku kainamia kisima. Baada ya hapo Bi Maryamu hakutaka kushuka. Hakutaka chakula. Maji aliyataka, akanywa dumu zima bila kutua, na nywele zake zikawa zinadondosha matone kwenye mto.

Jumatatu asubuhi Suhail aliingia kumtoa. Alipitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti, akainua. Mama hakuinuka. Suhail huubeba mlango wa chuma peke yake kutoka karakana mpaka garini. Alijaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni, na mwanamke asiyefika kilo arobaini na tano alibaki pale alipo, macho yake yanamtazama mwanawe kwa huruma.

"Niache, mwanangu," alisema. "Akitoka yeye, n'takwenda. Mwenyewe kaniambia hawezi kunitangulia wala kubaki nyuma yangu."

Suhail alitoka, akasimama nyuma ya gari, akaweka mikono kichwani.

Time alipanda juu mpaka mahali penye mtandao, akampigia Shehe Mbarouk. Alimweleza yote: shuka, kamba, kiganja, sauti, uzito. Shehe alisikiliza bila kumkatiza.

"Mlilijenga wapi?"

"Nyuma ya jiko, juu ya zege."

"Juu ya kisima cha marehemu babu yako."

"Ndiyo, Shehe."

"Na uliadhini kwanza?"

Time aligeuka, akalitazama dago kule chini.

"Time."

"Sikuadhini. Na Suhail sikumwambia. Palikuwa hapana ndani."



"Hakuwaingilia, mwanangu," Shehe alisema. "Alikuwepo. Anapanda saa ile ya jua la utosini, anapumzika, anashuka. Mmemkuta amepumzika, mkamfungia. Sasa mmemchukua mpaka Gando."

"Njoo umsomee, Shehe. Tunakuja kukuchukua."

"Nikimsomea atoke, atatokea wapi? Pembe zimefungwa. Atazidi kujificha mahali pekee penye uwazi humo ndani, na wewe unapajua ni wapi."

Time aliketi chini kwenye majani.

"Msizikate pembe huko," Shehe aliendelea. "Mkimfungulia ugenini hana pa kwenda, atabaki mwilini mwa mama yenu mpaka mwisho. Mrudisheni alipokuwa, ndipo mfungue. Leo hii, kabla jua halijaingia magharibi, maana mama yenu hatavuka kesho na uzito ule. Na asibaki peke yake humo. Kaa naye wewe. Atakuuliza mambo. Akikuuliza, mjibu kweli."

Waliondoka saa nane na nusu mchana. Suhail alifunga minyororo ya akiba, akamtazama dada yake akipanda ngazi ya dago. Alifunga mlango kwa nje. Time alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa baridi, na ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima.

Mpaka Wete hakikusemwa kitu. Dago liliruka kwenye mawe, vikombe viligongana ndani ya droo, na Time alisoma kila alichokihifadhi, akikosea, akirudia. Walipoingia lami na mtikisiko ukatulia, aliona maji yanatoka chini ya kitanda. Hayakutoka kwenye tangi. Tangi alilifunga mwenyewe na lilikuwa tupu. Yalipita kwenye maungio ya sakafu ambayo Suhail aliyaziba kwa silikoni, yakapanda badala ya kushuka, yakafika vifundoni mwake, baridi ya mahali pasipowahi kuona jua, na juu yake yalielea majani meusi ya miaka ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka.

"Nani kanifunga?" mama yake aliuliza, na haikuwa sauti ya mama yake.

Time alifungua kinywa. Alijua jibu. Lakini ambaye angetajwa angejulikana, na ambaye angejulikana angefuatwa, na yeye alikuwa peke yake ndani ya sanduku lile, na alitaka kuishi.

"Fundi," alinong'ona. "Fundi ndiye aliyechomelea."

Gari ilizimika. Haikukohoa wala kupunguza mwendo kwanza. Ilizimika katikati ya mteremko, na Time akasikia Suhail akipiga breki, akazipiga tena, na dago likaanza kuisukuma gari kutoka nyuma kwa uzito wote wa yale maji, matairi yanalia, na kupitia kidirisha cha mbele akaona kichwa cha mdogo wake kinageuka huku na huku, na kioo cha gari kimejaa ukungu kwa ndani, na mikono ya Suhail inateleza kwenye usukani kwa sababu usukani ulikuwa umeroa, mikono yenyewe imeroa mpaka kwenye viwiko, na maji yanamtiririka kutoka nywele zake kuingia machoni, na mbele yao chini ya mteremko kulikuwa na kona na watoto wa skuli wanavuka.

"Mie," Time alisema. "Ni mie. Niliambiwa niadhini nikufungulie, sikuadhini. Yeye hakujua. Niliona haya. Mie ndiye niliyekufunga."

Breki zilishika. Gari ilisimama upande wa barabara, watoto wakapita wanacheka, na mmoja aliligonga bati la dago kwa kiganja alipokuwa akipita. Baada ya muda Suhail aliiwasha tena, na ikawaka.

Maji yalibaki pale kwenye vifundo. Macho ya mama yalikuwa yamemgeukia Time, na hayakupepesa.

"Kumbe weye," sauti ilisema, bila hasira. Kule kukosa hasira ndiko kulikomtisha kuliko yote. "Utanifungulia?"

"N'takufungulia."

"Na baadaye?"

"Baadaye nini?"

"Mchana ninapanda. Mchana ninapumzika. Nikikuta pamefungwa tena?"

Time aliutazama uso wa mama yake. Midomo ilikuwa ya bluu. Kifua kilipanda kwa shida, kikangoja, kikashuka, na kila mara kilingoja zaidi, na kwa kila pumzi aliuhisi mkono ule mdogo ukizidi uzito juu ya paja lake, mpaka mguu wake wote ukafa ganzi, na akaelewa kwamba mahali pale, katikati ya Wete na Chake, hapakuwa na mtu wa kumuuliza afanye nini.

"Mlango wangu hautafungwa," alisema. "Mchana hautafungwa. Maisha yangu yote."

 Macho ya mama yalifumba, na maji yakaanza kushuka, polepole, mpaka Wawi.

Shehe Mbarouk alikuwa anawangoja kwenye kiwanja. Jaribu alikuwepo pia. Alitaka kusema kitu, akauona uso wa Suhail, akaenda kushika upande wa pili wa tela bila kuambiwa. Walilisukuma dago mpaka juu ya zege, pale pale lilipojengwa. Shehe aliwaambia watoboe zege kwanza. Suhail alipiga nyundo na tindo mpaka likapatikana tundu la upana wa kiganja, na hewa iliyotoka humo ilikuwa ile harufu ya shuka.

"Fungueni mlango na vidirisha," Shehe alisema. Alisimama kwenye ngazi, akaweka mikono masikioni, akaadhini ndani ya dago, kwa sauti ya wastani, kama anayewaadhinia watu wachache.

Kisha Suhail aliwasha grenda. Alikata pembe ya kwanza, cheche zikaruka, kukatoka azima na vumbi. Alikata ya pili na ya tatu, vilevile. Disko la grenda lilipopenya pembe ya nne maji yalitoka. Bomba lile lina upana wa inchi mbili na lilikuwa limefungwa kavu. Maji yalitoka kwa nguvu, meusi, yakaingia kwenye lile tundu bila kumwagika hata kidogo pembeni. Suhail alizima grenda na kurudi nyuma. Yalitiririka kwa muda ambao Shehe alisoma Yasini yote. Mwisho wake kilisikika kitu kikipiga maji chini, mbali sana, na Jaribu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alikaa chini akaanza kulia.

Ndani ya dago Bi Maryamu alikohoa.

"Time," alisema, kwa sauti yake. "Mbona mnaniweka juani? Karafuu zimeanuliwa?"

Suhail aliingia, akamwinua kwa mkono mmoja.

Jioni ile Time alimweleza Suhail kuhusu neno la Shehe na kuhusu azima. Kuhusu ahadi ya mlango hakumweleza. Suhail alimsikiliza akiwa anasafisha mikono kwa mafuta ya taa. Alikaa siku tisa bila kuzungumza naye, na siku ya kumi alikuja kumwomba amshonee kiraka cha suruali.

Dago lilivunjwa. Tundu la zege halikuzibwa. Mpaka leo Suhail hafungi bomba lolote pande zote mbili. Huacha kitundu, na mteja akiuliza humwambia ni kwa ajili ya kutu.

Wakati Time anamaliza kusimulia, adhuhuri ilikuwa imeingia. Upepo ulikuwa unaleta vumbi kwenye mchele, na mmoja wa wale wanawake, Nadhira, alinyanyuka kwenda kuufunga mlango wa uani.

"Liache vumbi," Time alisema. "Kaa."

Nadhira alikaa. Alikaa mbali na jamvi dogo lililotandikwa karibu na ule mlango, ambalo hakuna aliyekuwa amelikalia tangu asubuhi, na ambalo upande mmoja lilikuwa limebadilika rangi kwa unyevu.

Bi Maryamu alifariki Wawi, Oktoba 2022, usingizini, usiku, mfupa wake ukiwa uleule na hamu yake ya chakula imerudi. Shehe Mbarouk yu hai na bado anasomesha. Jaribu yu hai. Ameacha bodaboda, yuko Chake. Suhail yu hai. Time yu hai, anaishi peke yake kwa hesabu ya watu, na mlango wake wa uani hauna kitasa. Wa sita katika habari hii, yule wa kisimani, hakuandikwa popote kuwa amekufa.